Kompresa ya friji haiwaki: vipimo vya kufanya kabla hujauziwa nyingine

Taa ya ndani inawaka, chakula kinayeyuka, na nyuma ya friji kimya. Au si kimya kabisa: unasikia mguno wa sekunde chache, kisha "tk", kinanyamaza. Baada ya dakika mbili tatu unarudi mguno uleule na "tk" ileile. Hapo wengi humpigia fundi, na fundi aghalabu huja na jibu moja kati ya mawili: gesi imeisha, au mashine imekufa.

La kwanza halilingani na dalili hizi. Friji iliyoishiwa gesi kompresa yake huwaka vizuri tu, tena huzunguka mfululizo bila kupumzika, kwa sababu baridi haifiki kiwango cha themostati kuikata. La pili huenda likawa kweli, ila si la kusemwa kwa kugusa na kutega sikio. Kompresa iliyokufa ina ushahidi wake, na ushahidi huo huanza na namba tatu unazoweza kuzisoma mwenyewe kwa multimita ya bei ya chini kabisa dukani. Kabla hujaziona namba hizo, usikubali kompresa ifunguliwe.

Ninayoeleza hapa ni ya friji au friza ya nyumbani yenye kompresa ya kawaida ya volti 220 hadi 240. Zile za inveta, ambazo kompresa yake huendeshwa na bodi ya kielektroniki, nazitenga mwishoni, maana hizo zina tabia yake.

Kwanza usalama

Chomoa plaga. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Zipo nyumba nyingi zilizofungwa waya kinyume, swichi inakata nyutro huku waya wa moto ukibaki na umeme ndani ya friji. Angalia na sakafu: friji iliyozimika tangu jana imeshatoa maji ya barafu, na wewe unataka kupiga magoti hapohapo. Kausha, vaa viatu.

Kisha soma kibandiko cha nyuma kujua gesi. Ukiona R600a, au alama ya pembetatu yenye mwali wa moto, hiyo ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. Kiasi chake ni kidogo, kwa friji za nyumbani kwa kawaida hakizidi gramu 150, lakini inawaka. Vipimo vyote vya mwongozo huu ni vya umeme tu. Hakuna bomba la kukatwa, hakuna pini ya gesi ya kufunguliwa, hakuna kiberiti cha kumulikia uvunguni.

Andaa multimita, bisibisi ya nyota na bapa, koleo ndogo, tochi na brashi kuukuu. Simu yako nayo ni kifaa: piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Nyaya za themostati zinafanana kuliko unavyodhani.

Sikiliza kabla ya kufungua

Chomeka friji, zungusha themostati hadi juu, weka kiganja juu ya kompresa, lile pipa jeusi la chini nyuma. Kuna tabia tatu.

Kimya kabisa, wala haitetemeki: umeme haufiki kwenye kompresa, au unafika lakini njia imekatika ndani yake. Anza na soketi na themostati.

Inaguna, inatetemeka kidogo, kisha "tk": umeme unafika, injini inataka kuzunguka na haiwezi. Hapa washukiwa ni umeme mdogo, relei (kianzishio cha kompresa), kapasita kama ipo, au kompresa iliyokaza. Ukibahatika ni relei.

Breka inadondoka papo hapo: kuna shoti. Usiendelee kupandisha breka ukitumaini itakubali. Nenda moja kwa moja kwenye kipimo cha kompresa na bodi (mwili wa chuma), lakini kumbuka kwamba kwa friji zisizogandisha barafu hita ya kuyeyushia nayo huleta shoti.

Umeme wa soketi

Hiki ndicho kipimo kinachorukwa na kila mtu kwa sababu "mbona taa inawaka, mbona simu inachaji". Taa za LED na chaja za simu si mashahidi wa kuaminika. Chaja nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240; ukiipa 150 inachaji kama kawaida. Injini ya friji haina uvumilivu huo. Inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano, sita, hata nane ya ule inaoutumia ikishazoea, na umeme mdogo hauna nguvu ya kuisukuma. Matokeo yake ni mguno na "tk".

Kwa hiyo weka multimita kwenye volti za AC, pima soketi friji ikiwa haijawaka, kisha pima tena friji ikiwa inaguna. Kipimo cha pili ndicho muhimu. Ukipata 230 ikashuka hadi 220, umeme ni mzima. Ikishuka chini ya 190 hivi, usiiguse kompresa. Tafuta kinachomeza umeme njiani. Mara nyingi ni ekstensheni nyembamba ya mita kumi, plaga iliyolegea na kuungua ndani, au viungio vya waya vilivyofungwa kwa nailoni. Chomeka friji moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani na ujaribu tena. Kama mtaa mzima umeme unapwaya kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, jaribu alfajiri. Kompresa inayogoma usiku na kuwaka alfajiri haina ugonjwa.

Frijigadi, kile kifaa cha kuilinda friji dhidi ya umeme mbovu, nayo inahitaji subira. Umeme ukirudi baada ya kukatika, huiweka friji kwenye kusubiri kwa dakika kadhaa kwa makusudi. Kompresa ikizimika ghafla, upande mmoja wa mabomba hubaki na presha kubwa na mwingine ndogo. Ukiiwasha papo hapo inasukuma dhidi ya presha hiyo na kushindwa. Dakika tatu hadi tano zinatosha presha kusawazika. Kama taa ya kijani haiji hata baada ya dakika kumi na umeme uko sawa, frijigadi yenyewe imekufa. Kwa majaribio, iondoe, chomeka friji ukutani.

Wanaotumia jenereta ndogo au sola wazingatie kwamba kibandiko cha wati 120 ni cha friji iliyokwisha kuzoea. Inveta (hapa ni ile ya kugeuza umeme wa betri) ya wati 300 itaiwasha taa ya ndani vizuri na kushindwa kabisa kuianzisha kompresa. Wati elfu moja ndiyo pa kuanzia, na iwe ya wimbi safi.

Themostati, na baridi ya Makete

Sasa chunguza kama friji inaamrishwa kuwaka. Cheki kitasa cha themostati hakiko kwenye 0. Watoto na wasaidizi wanaosafisha hukigeuza bila kujua. Kisha chomoa plaga, toa kiboksi cha themostati ndani ya friji, zichomoe nyaya mbili zinazopeleka umeme kwenye kompresa (picha tayari unazo), pima kati ya vituo vyake, vile vibati vya kuchomekea nyaya, multimita ikiwa kwenye omu. Themostati ikiwa na joto la chumbani na kitasa kimewashwa, lazima isome karibu na sifuri. Ikiandika OL (yaani njia imekatika), imekufa, na ni kipuri cha bei nafuu.

Kuna kisa kimoja kinachowachanganya watu wa Makete, Njombe, Limuru na kwingineko kwenye baridi. Friji kamili yenye themostati moja tu husikiliza joto la chumba cha chini. Jikoni kukiwa na nyuzi 9, themostati inaona kazi karibu imeshafanyika na huamrisha kompresa kwa nadra, huku friza ya juu ikiyeyuka. Angalia herufi za daraja la hali ya hewa kwenye kibandiko: SN ni kuanzia nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST 16 hadi 38, T 16 hadi 43. Friji ya N iliyonunuliwa mtumba ina shida pande zote mbili: Njombe mwezi wa Julai huwaka kwa nadra, Dar mwezi wa Februari inachemka.

Friji zisizogandisha barafu za mtindo wa zamani zina taima ya kuyeyushia. Kila baada ya saa kadhaa taima hiyo huzima kompresa na kuwasha hita kwa dakika 20 hadi 30. Ikikwama hapo, kompresa haiwaki tena hata iweje. Tafuta kiboksi chenye kitobo cha kuingiza bisibisi, zungusha polepole kuelekea kulia hadi usikie mlio. Kompresa ikiwaka palepale, umempata mwizi, nunua taima.

Ubavuni mwa kompresa

Chomoa plaga tena. Ubavuni mwa lile pipa kuna kifuniko cha plastiki kilichobanwa kwa waya wa chuma au klipu. Kisukume kwa bisibisi bapa kitoke. Ndani kuna vitu viwili, wakati mwingine vitatu: relei, ambayo ndiyo inayoanzisha, ovalodi, kile kidude cha duara kinacholia "tk", na kwa baadhi, kapasita, mkebe wenye nyaya mbili.

Mulika kabla ya kugusa. Kwa nyumba zetu hapa ndipo sisimizi hupenda kujenga, kwa sababu pana joto, na wakipita kati ya vituo hukwama na kuungua hadi wanazuia mguso. Mende pia. Mjusi mkavu si kitu cha ajabu. Mwambao wa pwani utakuta kutu ya kijani kwenye vituo, maana chumvi haina huruma. Safisha kwa brashi kavu, kaza vituo vilivyolegea kwa koleo. Waya uliotafunwa na panya ukate na uunge upya kwa kiungio, si kwa kusokota.

Kama kuna kapasita, igusishe kwanza nguzo zake mbili kwa miguu ya taa ya zamani ya kioo ya wati 60 ili umeme uliobaki umalizike. Mkebe uliovimba au kuvuja hauhitaji kupimwa, badilisha kwa namba ileile ya mikrofaradi.

Sasa ishike relei pande zote mbili uivute moja kwa moja bila kuipinda, kwa sababu imekaa juu ya pini na kioo cha pini hizo kikipasuka, kompresa imekwisha kwa mkono wako. Ikitoka, itikise karibu na sikio. Relei za kisasa, za PTC, ndani yake kuna kidonge cha seramiki kama sarafu. Kikiwa kizima hakipigi kelele. Kikipasuka utasikia vipande vinachezacheza kama punje za mchele kwenye kiberiti, na mara nyingi pua nayo inakuambia: harufu ya kuungua, alama ya kahawia kwenye plastiki. Relei hiyo tupa. Ila tahadhari: relei za zamani sana zenye koili ya waya zina chuma kinachopanda na kushuka ndani, hizo hulia "klak" moja zikigeuzwa na ndivyo zilivyo.

Isiyolia ipime. Ipoe kwanza dakika tano, kisha ingiza ncha za multimita kwenye matundu mawili yaliyokuwa kwenye pini. PTC nzima ya baridi husoma kati ya omu 5 na 50, nyingi ziko 15 hadi 35. Ikisoma OL, au maelfu, imekufa.

Ovalodi ni rahisi: ikiwa baridi lazima isome karibu sifuri. Ikisoma OL, isubiri ipoe kabisa ndipo uihukumu. Na usimkubali fundi anayeiondoa na kuunga waya moja kwa moja "ili iache kukata". Ile inakata kwa kuwa injini inaungua.

Namba tatu

Umefika penyewe. Kompresa imebaki na pini tatu zilizopangwa pembetatu. Ndani kuna nyaya mbili zilizosokotwa: moja ya kuendesha, nene, omu chache, moja ya kuanzishia, nyembamba, omu nyingi zaidi. Zinakutana kwenye pini ya pamoja. Nyaya hizo mbili zikiwa nzima, kipimo kikubwa ni lazima kiwe jumla ya vile viwili vidogo.

Kwangua pini ziwe safi, weka multimita kwenye omu 200, gusisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe uone inasoma ngapi (0.3 hivi, hiyo utaitoa), kisha pima jozi zote tatu na uandike. Tuseme umepata 14, 19 na 33. Kumi na nne na kumi na tisa ni thelathini na tatu: nyaya zote mbili ni nzima. Jozi yenye 33 ni pini ya kuendesha na ya kuanzishia. Iliyobaki ndiyo ya pamoja. Kati ya hiyo ya pamoja na yenye 14 ni kuendesha, na yenye 19 ni kuanzishia. Namba zako zitatofautiana kwa ukubwa wa kompresa, hesabu haitofautiani.

Zikikataa kujumlika, zisome hivi. Jozi moja tu inasoma, mbili ni OL: waya mmoja umekatika. Jozi inasoma omu moja au mbili huku nyingine ziko juu: waya umeungua na kugusana wenyewe. Hizo kompresa zimekufa kweli.

Lakini ipo hali moja inayofanana na kifo na si kifo. Pini ya pamoja inakataa kusoma na zote mbili, huku kuendesha kwa kuanzishia inasoma vizuri, mathalani 33. Baadhi ya kompresa zina ovalodi ndani ya pipa, juu ya pini ya pamoja. Ikipata joto hufunguka, na kwa kuwa imo ndani ya chuma chenye mafuta, huchukua muda mrefu kupoa. Iache plaga ikiwa nje usiku kucha, pima asubuhi. Ikisoma, kompresa ni nzima na ilichemka tu. Kompresa nyingi zimeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kukosa usiku mmoja wa kusubiri.

Kipimo cha nne: multimita kwenye omu ya juu kabisa, ncha moja kwenye kila pini kwa zamu, nyingine kwenye bomba la shaba lililokwanguliwa rangi. Lazima isome OL zote tatu. Ukipata namba, umeme unavuja kwenye bodi. Hiyo haitengenezeki, na friji hiyo isichomekwe tena hata dakika moja, maana mtu anayeshika mlango akiwa pekupeku ndiye anayepokea.

Namba ni nzuri, bado haiwaki

Nunua relei na ovalodi mpya zinazolingana na kompresa yako. Nenda Kariakoo (Dar) au River Road (Nairobi) na ile ya zamani mkononi pamoja na picha ya kibandiko cha kompresa, maana "nipe relei ya friji" utapewa yoyote. Funga, subiri presha isawazike, washa. Zaidi ya nusu ya njia ya mwongozo huu ipo kwa ajili ya dakika hii: mguno mfupi, kisha mlio laini wa kuendelea.

Ikiwa bado inaguna na kukatwa, umeme ukiwa 220 na zaidi na relei ikiwa mpya, kompresa imekaza kimitambo. Mafundi wana kile kifaa cha tatu kwa moja, chenye relei, ovalodi na kapasita ya kuipa kompresa msukumo wa nguvu. Kwa upimaji nakikubali: ikiwaka kwa kifaa hicho na kwa relei ya kawaida ikagoma, umejua kwamba imechoka. Kama tiba ya kudumu sikipendi, kinanunua miezi, na wakati mwingine wiki. Ule mtindo wa kuwasha kwa nyaya tatu mkononi na kugusisha pini ya kuanzishia kwa sekunde moja, mwachie anayeufanya kila siku. Waya wa kuanzishia ukizidishiwa sekunde chache unaungua, na kompresa yenye pini wazi si ya kukaa nayo uso kwa uso.

Hapo sasa ndipo kompresa inabadilishwa, na bado una la kusimamia. Mpya ilingane na gesi ya zamani, nguvu ileile (1/6, 1/5, 1/4 ya nguvu farasi), na iwe na herufi LBP za friza. Filta ya shaba ibadilishwe kila mara mabomba yanapofunguliwa. Hewa itolewe kwa pampu ya vakyumu, si kwa kufukuza na gesi yenyewe. Gesi ipimwe kwa mizani kulingana na gramu za kibandiko. Kwa R600a, gramu kumi kupita kiasi zinaonekana. Fundi asiye na pampu wala mizani atakurudishia friji inayopoza, na itakupeleka kwake tena. Kompresa ya zamani omba ubaki nayo, ni yako.

Friji ya inveta

Ukiondoa kifuniko usikute relei wala ovalodi, bali soketi ya nyaya tatu zinazoenda kwenye bodi ya kielektroniki, hiyo ni inveta. Hesabu ya jumla haifanyi kazi hapa: pini tatu lazima zisome sawasawa jozi zote. Zikiwa sawa na hakuna inayogusa bodi ya chuma, kompresa ni nzima, na mshukiwa ni ile bodi ya elektroniki, inayokufa kwa umeme kurudi kwa kishindo kuliko kitu kingine chochote ndani ya friji. Nyingi zina taa ndogo inayokonyeza. Hesabu mikonyezo, piga video, kila mtengenezaji ana maana zake kwenye karatasi ya huduma. Usiipe kompresa hii volti 230 za moja kwa moja kwa majaribio, utaiua ikiwa hai. Na bodi mpya usiifunge bila frijigadi.